Mzigo Usioonekana kwenye Daraja la Waya

Watu wa Kiganja wana neno moja wanalolitamka kuliko hata majina ya watoto wao, nalo ni "nakubali". Asubuhi, kabla mtu hajanawa uso, mpiga mbiu wa Mabwana wa Kioo husimama mlangoni na karatasi ndefu kama kanga iliyoanikwa, akaanza kusoma masharti mapya ya nchi. Hajamaliza mstari wa kwanza, mwenye nyumba hupaza sauti kutoka kitandani, "Nakubali!" Mpiga mbiu akaenda zake nyumba ya pili. Kuna bwana mmoja alikubali hivyo hivyo akiwa na usingizi, na tangu siku ile akimnong'oneza mkewe kwamba godoro limechakaa, kukipambazuka anakuta wauza magodoro wamepanga foleni hadi bandani kwa kuku. Wala hakwenda kushtaki. Alikuwa amekubali.

Isidhaniwe kwamba Kiganja ni nchi mbaya. Ni ndogo, kiasi kwamba jitu likipenda laweza kuitia mfukoni na kwenda nayo gengeni, lakini ndani yake mna kila kitu: redio, ramani, saa, tochi, na picha za harusi za ukoo mzima. Mbingu yake ni kioo kitupu. Mtu akitaka jambo, huinua mkono akaigusa mbingu kwa ncha ya kidole, na jambo likawa.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke wa makamo aitwaye Sihaba. Nyumba yake, kama nyumba zote za huko, ilikuwa na chumba cha sauti, na ndani yake, katika masanduku yaliyopangwa vizuri, zilikaa sauti za mama yake, Bi Mwanamvua. Mama huyo hakujua kuandika, kwa hiyo kila alichotaka kumwambia mwanawe alikisema, na chumba kikakihifadhi: sauti ya kuagiza chumvi, sauti ya kuilalamikia mvua, sauti ya kumsema jirani mwenye jogoo asiyejua saa. Bi Mwanamvua alifariki wakati wa kipupwe. Tangu hapo Sihaba hakupata ujasiri wa kufungua hata sanduku moja, ila kila siku alisukuma mlango, akayatazama, akaurudisha. Hakuwa na kitu kingine cha mama yake duniani.

Kisha siku moja nchi nzima ilianguka. Hapana ajuaye ilianguka kutoka wapi. Watu walijikuta wamebingirika pamoja na masufuria yao, na walipoinuka waliona ufa umepita mbinguni, na kwenye ufa ule unatoka weusi kama wino uliomwagika. Weusi ulisambaa polepole. Kila ulipofika, mbingu ilikufa ganzi, haikusikia tena kidole cha mtu.

Wakapeleka shauri kwa Mabwana wa Kioo. Mabwana wakajibu kwamba kioo hakitengenezwi, ila wananchi wasiwe na wasiwasi, kwani kuna Kiganja kipya, kinachofanana na hiki isipokuwa ni chembamba zaidi, na wote wanakaribishwa kuhamia. Juu ya vyumba vya sauti hawakusema neno. Watu wakashangilia, wakasema nakubali. Sihaba alirudi nyumbani bila kusema chochote, akawatafuta wapagazi, akawatwika masanduku ya mama yake, na akashika njia ya kwenda Uwazi.

Habari za Uwazi zilizovuma Kiganja hazikuwa za kumtia mtu moyo. Ilisemwa ni nchi ya watu wasiochana nywele, wanaokaa mbele ya ukuta mweusi wakizungumza nao, na ukuta ukawajibu. Ilisemwa mgeni akiuliza njia hupewa kitabu. Bendera yao ina ndege mnene, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, asiyeweza kuruka, na wenyewe wanamwonea fahari. Lakini ilisemwa pia kwamba kitu kikishafika Uwazi hakuna bwana anayeweza kumfungia mwenyewe asikifikie, na hilo ndilo lililompeleka Sihaba.

Kati ya nchi hizo mbili pana Daraja la Waya. Sihaba alipokanyaga tu ubao wa kwanza, kitu fulani kilimpepea usoni, karatasi au kipepeo, naye akakifukuza kwa mkono kama watu wa Kiganja wanavyofukuza matangazo mchana kutwa. Alipofika upande wa pili alipokewa na mlinzi wa daraja, mwanamume mrefu aitwaye Chande, aliyevaa shati ambalo amelishona mwenyewe na ilionekana wazi kwamba amelishona mwenyewe. Kabla hajamwuliza jina, Chande alimwekea uji wa moto na mihogo.

"Kula kwanza, dada. Mgeni wa daraja hili hulishwa hata kama hana shida nyingine."

Sihaba akala, huku macho yake yakitembea. Aliiona Uwazi yote kutoka pale alipoketi, kwa sababu Uwazi haina ukuta usioonyesha ndani. Kila mlango umeandikwa juu yake jinsi ulivyotengenezwa, na mtu akiona bawaba imekaa vibaya anaruhusiwa kuitengeneza, mradi aandike alichofanya ili wengine wamkosoe. Na kukosoana ndiko wanakokupenda. Unga wao ni mmoja, unatoka kwenye kinu kimoja, lakini kila mtaa unaukanda kwa namna yake, unauchoma kwa namna yake, kisha unatangaza kwamba huu ndio mkate hasa na ile mingine ni matope. Jioni wanakula mikate ya kila mtaa bila kinyongo. Sihaba hakuwa amewahi kuona watu wanaogombana kiasi kile na wakapendana kiasi kile.

Alipomaliza kula aligeuka kuwaonyesha wapagazi wake, waliokuwa wamesimama nyuma yake, ng'ambo kwenye lango la kwao, na masanduku kichwani. "Mzigo wangu ndio ule, kaka. Ni sauti za marehemu mama yangu. Naomba uingie."

Chande akatazama. Akakaza macho. Akazunguka upande wa pili, akatazama tena.

"Wewe nakuona, dada, na waya nauona umekaza vizuri. Lakini mzigo siuoni. Nyuma yako naona uwanja mtupu."

"Mtupu? Wapagazi wale wanatoka jasho!"

"Huenda wanatoka. Mimi siwaoni."

Sihaba akadhani huyu ni ofisa kama maofisa wa kwao, anataka abembelezwe. Akakunja mikono kifuani kwa adabu. "Nakubali masharti yenu yote."

"Masharti gani? Hapa darajani hakuna sharti."

"Basi nakubali hayo yasiyokuwepo."

Chande alikuna kichwa. Katika maisha yake ya ulinzi alikuwa ameona mengi, lakini mtu wa kukubali kitu kisichokuwepo alikuwa bado hajamwona. "Umesoma ubao?" akauliza.

Hilo ndilo swali la Uwazi. Kila penye jambo pana ubao ulioandikwa namna ya kulifanya, na mtu akiuliza kabla ya kuusoma hukunjiwa uso, wakati mwingine hata matusi madogo madogo humtoka mwenyeji. Ni tabia mbaya na wao wanajua ni mbaya. Ila akishakukunjia uso, mtu wa Uwazi huacha chungu chake jikoni kikiungua, akakaa na wewe mpaka shida yako iishe, na hapokei shukrani.

Ndivyo ilivyokuwa. Kelele za "mzigo hauonekani" zilipofika mitaani, watu waliacha shughuli zao wakaja darajani, kila mmoja na dawa yake. Mbele yao alikuwa Bi Tatu, mama mnene mwenye sauti ya kuitia watoto wa mtaa wa tatu, kiongozi wa kundi la Upepo.

"Waya! Bado mnahangaika na waya!" alisema. "Mwanangu, achana na huyu Chande. Kama nchi zote mbili zinapata upepo mmoja, masanduku yanarushwa tu, yanatua yenyewe. Hufungi wala hufungui."

"Upepo ukikatika katikati je, Bi Tatu?" Chande akauliza. "Sanduku liangukie mtoni?"

"Umekatika lini?"

"Juzi! Si wewe uliyekuwa unalia?"

Hapo baraza likaanza. Wa Upepo wakasimama upande huu, wa Waya upande ule. Wa Waya nao wakagawanyika, kwani kulikuwa na wanaotaka fundo la zamani na wanaotaka fundo jipya. Bwana mmoja mwenye ndevu nyeupe alisema hatachangia mpaka wote wakubali kwamba jina la nchi hii si Uwazi bali ni Msingi-na-Uwazi, kwa sababu msingi uliwekwa na watu wengine na hawatajwi. Walimwomba, akakataa, wakamwacha aendelee kununa. Hoja zilikuwa nzuri. Msomaji angekuwepo angejifunza mengi kuhusu mafundo. Lakini Sihaba alikuwa ametazama nyuma, kwao, na alichokiona kilimkausha mate: weusi ulikuwa umeshafunika zaidi ya nusu ya mbingu ya Kiganja.

"Jamani!" alipiga kelele. "Kioo kinakufa! Kikifa chote, mama yangu amepotea!"

Baraza likageuka kutazama. Hata mwenye ndevu aliacha kununa. Bi Tatu akafika upesi, akamshika Sihaba bega, na akasema maneno ambayo kwa kiongozi wa Upepo ni aibu kubwa: "Tumia waya, mwanangu. Upepo hautawahi. Chande, msaidie."

Chande akamshika mkono, akampeleka kwenye ubao wa daraja. Maandishi yalikuwa ya herufi kubwa, na mtu yeyote angeyaona kama angeinua kichwa kwenye bakuli la uji. Yalisema: *Ukiona mzigo hauonekani, hatujauzuia sisi. Tazama nyuma yako.*

"Unaona?" Chande alisema taratibu. "Huku kwetu hakuna mlango. Mlango uko kwenu. Tangu ulipokanyaga waya, lango la Kiganja limefungwa, na limekuuliza kama unaturuhusu tuone vitu vyako. Lisipojibiwa, linadhani umekuja kula tu. Ndiyo maana wageni wengi wa kwenu wananenepa hapa darajani, kisha wanarudi wakisema Uwazi ni nchi ya kiburi."

Sihaba akakumbuka kile kitu kilichompepea usoni. Akaona haya hadi masikioni. Akakimbia kurudi hadi mwisho wa daraja, Chande akimfuata nyuma, na kweli, juu ya lango, kwenye kipande cha mbingu ambacho bado kilikuwa hai, tangazo lilikuwa linaning'inia. Lilisema kwamba aliyeko upande wa pili wa waya anaomba kuona vitu. Chini yake yaliandikwa maneno mawili ya kuchagua: *Kula tu*, na *Naruhusu*. Weusi ulikuwa umebakisha kiasi cha upana wa mkeka kulifikia.

Sihaba aliinua kidole, kikabaki hewani.

"Gusa, dada!"

"Siwezi."

"Kidole kinauma?"

"Kidole hakina kitu. Neno ndilo silijui." Akakishusha kidole. "Sisi kwetu tunakubali, kaka. Wanaoruhusu ni Mabwana. Mimi nani hata niruhusu? Niitie Bwana wa Kioo yeyote aje aguse."

Ni rahisi kumcheka. Lakini mtu aliyezaliwa akikubali, akaolewa akikubali, na kumzika mama yake kwenye chumba ambacho masharti yake hajawahi kuyasoma, neno hilo kwake lilikuwa zito kuliko masanduku yote. Chande hakucheka. Tangu siku hiyo nimempenda mlinzi huyo, pamoja na shati lake.

"Hebu niambie," alisema. "Vitu hivi ni vya nani?"

"Vya mama."

"Mama yuko wapi?"

"Nimekwambia amefariki."

"Basi vitu ni vya nani?"

Sihaba akayatazama masanduku. Muda wote tangu kipupwe alikuwa amevitunza kama mtu anayemtunzia nyumba jirani aliyesafiri, akingoja mwenyewe arudi avichukue. Weusi ukasogea. Machozi yalimtoka, yakamwagika bila kuzuiliwa, na katikati ya machozi hayo alisema kwa sauti ndogo, "Vyangu."

"Sijasikia."

"Ni vyangu! Mama amekufa, vitu ni vyangu!" Akapiga moyo konde, akainua kidole, akaigusa mbingu. "Naruhusu!"

Lango likafunguka. Kutoka ng'ambo kulisikika kelele za furaha, kwani watu wa Uwazi walikuwa wamewaona wapagazi kwa mara ya kwanza, na baadhi yao walianza papo hapo kubishana kuhusu namna walivyojitwika.

Kwa sheria ya Uwazi, nchi ngeni haiguswi mpaka ipachikwe. Mambo yao yote, nyumba, mashamba, hata majina ya watu, yametundikwa kwenye shina moja linaloanzia mahali paitwapo Mzizi, na kitu ambacho hakijatundikwa hapo ni kama hakipo. Chande alilitaja jina la Kiganja, akaonyesha tawi, akasema, "Ipachikwe." Mara Kiganja kizima, pamoja na masufuria yake na ufa wake, kikaonekana kimening'inia pale kama kimekuwepo siku zote. Wapagazi wa Uwazi wakawakimbilia wenzao wa Kiganja, wakaanza kupokea. Wa Kiganja walikuwa wazito, hawakubali kubeba sanduku la pili kabla la kwanza halijapokewa, na ukiwaharakisha wanasimama kabisa. Kila sanduku lililovuka liliandikwa ubavuni jina la Sihaba, na Chande akamwuliza nani mwingine aruhusiwe kulifungua, nani aruhusiwe kulibadilisha. Hakuna aliyewahi kumwuliza maswali kama hayo. Alisema kubadilisha asiwepo mtu, hata yeye mwenyewe. Kufungua, atafikiria.

Weusi ukalimeza lile tangazo. Ukashuka kwenye paa za nyumba. Hatimaye wapagazi wa Uwazi wakapaza sauti, "Tayari! Vyote tayari!"

Sihaba akavuka na Chande kurudi upande wa Uwazi. Aliogopa wino ule usije ukatambaa juu ya waya ukamfuata, basi akalishika fundo la waya kwa mikono miwili ili alivute.

"Usichomoe!"

Ilikuwa sauti ya Chande, na haikuwa ya upole hata kidogo. Alimrukia akamshika vifundo vya mikono.

"Wamesema tayari!" Sihaba akalia.

"Wamesema. Dada, nchi hii naipenda, lakini nitakwambia ukweli wake. Wapagazi wetu wana haraka na wanapenda kumfurahisha mgeni. Mzigo ukishafika begani wanasema tayari, wakati chini hawajautua. Ukichomoa sasa, vilivyo mabegani vyote vinapotea. Wageni wamelia hapa kwa ajili ya hilo. Ngoja nipachue kwanza."

"Na kioo kikifa?"

"Kikifa, kimekufa. Vilivyo begani mwa watu wetu haviko tena kwenye kioo. Ngoja."

Sihaba alisimama ameshika fundo bila kulivuta, na hakuna kazi ngumu kuliko hiyo. Nuru ya Kiganja ilibaki kipande kimoja, juu ya nyumba yake. Nyuma yake, wapagazi walikuwa wanatua: sanduku moja, kimya, jingine, kimya. Bi Tatu, ambaye hakuwa ameombwa, alikuwa anawasukuma kwa kanga yake akiwaita wavivu. Kisha ukasikika mshindo wa sanduku la mwisho likikaa ardhini.

Chande alisema, "Ipachuliwe." Tawi likawa tupu. "Sasa chomoa. Ni salama."

Sihaba akavuta. Waya ukaachia, na ng'ambo mbingu ya Kiganja ikazimika yote kwa pamoja. Alitazama giza lile kitambo. Pale ndipo alipokuwa ameishi, na sasa hapakuwa tena na wa kumjia na godoro wala kingine chochote. Akageuka, akaingia Uwazi.

Watu walikuwa wameyazunguka masanduku bila kuyagusa. Waliona jina lake ubavuni na hilo liliwatosha. Sihaba akapiga magoti mbele ya lililokuwa karibu, hata bila kujua ni lipi, na baada ya kipupwe kizima cha woga akalifungua.

Hakikutoka kitu kwanza, ila mvumo wa upepo na jogoo wa jirani akiwika saa isiyo yake. Mtu alikohoa. Kulikuwa na mkwaruzo, kama wa mtu anayegeuza chombo asichokizoea, akitafuta upande wa kusemea. Bi Tatu alitaka kueleza jambo kuhusu upepo, Chande akamkanyaga mguu.

"Hii sasa inasikia kweli?" alisema Bi Mwanamvua, kwa shaka, na karibu sana. "Mbona kimya? Sihaba. Sihaba mwanangu, unanisikia?"

"Nakusikia, mama," Sihaba akajibu kwa sauti kubwa, mbele ya Uwazi yote, wala hakujali nani anamtazama.